Sanduku la Shija Mageni

Mwizi alikuwa amefungwa kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza ya stoo, kama mbuzi anayengoja mnada, na mdomo wake wa chini ulikuwa umevimba. Inspekta Msaidizi Mwamvua Akida alimtazama, akalitazama fundo la kamba, kisha akamgeukia mkuu wa shule.

"Nani kamfunga?"

"Viranja," alijibu Bi Apolonia. Alikuwa mwanamke mrefu, nadhifu, mwenye bunda la funguo lililoning'inia kiunoni. Sekondari ya Wasichana Lugunya aliiendesha kwa kengele na funguo hizo. "Walimkuta bweni la tatu saa nne asubuhi, sanduku la mwenzao liko wazi mbele yake. Nikaona ni salama zaidi afungwe mpaka mfike."

"Na mdomo?"

"Ndugu Inspekta, hapa nina wasichana mia mbili na themanini. Mwezi mzima shuka zao zinapotea kwenye kamba. Ukipigwa ukelele wa mwizi, utamzuia nani?"

"Ningemzuia wa kwanza," Mwamvua alisema. "Sajini, mfungue."

Sajini Masele alipiga goti, akalihangaikia lile fundo kwa kucha zake mpaka likalegea. Msichana alivuta mikono yake akaificha kwenye kitenge chake kilichopauka. Hakuwa na viatu, na vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini. Miaka kumi na sita, haizidi.

"Shikamoo, mayu," alisema.

Mwamvua alikuwa mtoto wa mjini Shinyanga, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa reli, na Kisukuma chake kilikuwa cha sokoni tu. Lakini neno hilo alilijua. Ndivyo mtoto wa Kisukuma anavyomwita mama mtu mzima, na mtoto huyu alilitumia kwa adabu zote, na mdomo wake umepasuka.

"Marahaba. Jina lako?"

"Shija Mageni."

Bi Apolonia alicheka kidogo. "Umesikia? Hilo ndilo jina la mwenye sanduku. Kalisoma kwenye kifuniko."

"Anajua kusoma, basi. Dereva uliyemtuma kituoni alituambia ni mshamba asiyejua hata Kiswahili."

"Alikuwa hasemi kitu."

"Na wewe ungesema nini, umefungwa kwenye meza? Naomba utuache naye, Ndugu Mkuu wa Shule."

Bi Apolonia hakupenda, lakini aliondoka. Masele alifunga mlango, akakaa juu ya gunia la maharage, akafungua daftari lake la maelezo. Juu ya ukurasa aliandika tarehe: Jumamosi, 9 Oktoba 1976.

"Umetoka wapi?" Mwamvua aliuliza.

"Mwalugesha, mbele ya Samuye. Niliondoka jana alfajiri."

"Kwa gari?"

"Kwa miguu. Jana nililala kwa watu."

"Umekuja kuiba nini?"

"Sikuja kuiba. Nimekuja kuona ninavyosoma."

Masele aliinua kalamu yake. Msichana alifungua fundo la kitenge, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne, akampa Mwamvua kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na ripoti ya muhula wa kwanza, yenye muhuri wa shule ile ile waliyokuwamo. Shija Mageni, Kidato cha Pili. Nafasi darasani: wa pili kati ya wanafunzi sabini na wanane. Chini, kwa wino mwekundu, mwalimu wa darasa alikuwa ameandika: Tabia njema. Ni msichana mkweli.

"Barua ilitumwa Juni," Shija alisema. "Ilikaa ofisi ya kijiji mpaka mwezi uliopita, kwa sababu baba haitwi ofisini mpaka kuwe na mchango. Katekista ndiye aliyeileta, akamsomea baba. Baba akamuuliza, Shija yupi huyo? Shija wangu huyo hapo nje, anatwanga."

"Ulimaliza la saba mwaka gani?"

"Sabini na nne. Nilikuwa wa kwanza, mayu, tangu la tano. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Donatus, alituambia shule yetu haikupata hata mmoja. Alisema labda barua zimepotea kwenye operesheni, watu walipokuwa wanahamishiwa vijijini. Tukaamini. Mwaka ule hata nyumba zilipotea."

"Sasa baba yako anasema nini?"

Shija alitazama chini. "Nimeshaposwa. Ng'ombe wapo zizini kwetu. Baba amesema nije niulize. Kama jina langu lipo kweli shuleni, atawarudishia watu ng'ombe wao. Kama halipo, naolewa Desemba. Sasa nikienda kufungwa, sijui hata atasema nini."

Mwamvua aliirudisha ripoti kwenye bahasha. Bahasha ile aliigeuza, akaisoma anwani mara mbili, akaiweka mfukoni.

"Sanduku ulilifunguaje?"

"Kwa ufunguo."

"Wa nani?"

Masele alimnong'oneza kwa Kisukuma, ng'wanone, yaani mwanangu, sema, hapa hakuna wa kukupiga. Ndipo akasema.

"Nilimkuta kisimani, yuko peke yake, anachota maji. Nikamwambia namtafuta Shija Mageni. Akaweka ndoo chini, akalia. Akanivulia ufunguo shingoni, akaniambia, nenda bweni la tatu, kitanda cha dirishani. Barua yako ya kuchaguliwa iko chini kabisa ya sanduku. Kaichukue, nakuja. Sikumwona tena mpaka waliponizunguka kunipiga. Alikuwa amesimama nao. Wakamuuliza, unamjua huyu? Akasema, simjui."

* * *

Bweni la tatu lilikuwa na vitanda ishirini na vinne vya chuma, na chini ya kila kitanda sanduku la bati. Lile la dirishani lilikuwa la bluu. Kwenye kifuniko, kwa rangi nyeupe, mtu alikuwa ameandika SHIJA MAGENI, herufi zimesimama sawasawa.

Mwamvua alichuchumaa. Alilishika kufuli, akalizungusha kwenye mwanga. Halikuwa na mkwaruzo. Hasipu iliyoshika kufuli ilikuwa nzima, misumari yake haijatikisika, na ufunguo ulikuwa bado umo.

"Lete aliyemkamata," alisema.

Aliletwa kiranja wa bweni, Melania, msichana mnene mwenye sauti ya kuongoza gwaride. Alikuwa amejiandaa kusifiwa.

"Shikamoo, afande. Mimi ndiye niliyepiga kelele."

"Marahaba. Ulimkuta ameshika nini?"

"Karatasi, afande. Hiyo ya juu. Nikamnyang'anya nikairudisha."

Juu ya nguo kulikuwa na karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Chini yake mlikuwa na shuka mbili mpya, mche mzima wa sabuni, kandambili, na mkebe wa sukari uliojaa mpaka kwenye kifuniko.

"Hii sukari ilikuwa wapi?"

"Hapo hapo, afande."

"Aliigusa?"

"Hapana."

"Shuka?"

Melania alianza kuhisi kwamba sifa hazitakuja. "Hapana, afande."

"Kwa hiyo umemkamata mwizi aliyeiacha sukari, akaacha sabuni ambayo mjini watu wanaipangia foleni tangu alfajiri, akachukua karatasi. Na wewe ukapiga ukelele watu mia mbili wampige. Nani alimpasua mdomo?"

Melania alitazama sakafu. Mwamvua hakungoja jibu, kwa sababu angelipata na angelazimika kulifanyia kazi, na leo alikuwa na kazi kubwa zaidi. Aliikunjua ile karatasi. Ilikuwa barua ya mwaka 1974 ikimjulisha Ndugu Shija Mageni wa Shule ya Msingi Mwalugesha kwamba amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, aripoti Lugunya tarehe 13 Januari akiwa na shuka mbili na jembe.

Barua hazikupotea kwenye operesheni. Barua ilifika, mtu akaisoma, akamtazama mtoto aliyeitwa ndani yake, akamwambia hukuchaguliwa. Mwamvua alisimama mbele ya dirisha kwa muda ili apumue. Alikuwa na miaka kumi na minne kwenye upelelezi, ameona wezi wa ng'ombe, wezi wa pamba na wezi wa reli nzima kule Isaka, na hakuna aliyewahi kumtia hasira namna hii.

"Mwiteni mwenye sanduku," alisema.

* * *

Aliingia amenyooka, sare imepigwa pasi, nywele zimesukwa mistari mitano. Alimwamkia Mwamvua, akamwamkia Masele, akasimama mikono nyuma. Bi Apolonia aliingia nyuma yake, akakaa kwenye kitanda bila kukaribishwa.

"Jina?"

"Shija Mageni."

"Kwenu?"

"Mwalugesha, wilaya ya Shinyanga."

"Ufunguo wa sanduku lako ulimfikiaje yule msichana?"

"Niliupoteza bafuni jana, afande. Labda aliuokota."

"Aliuokota bafuni jana, na yeye amefika leo."

Bi Apolonia alikohoa. "Ndugu Inspekta, huyu ndiye mlalamikaji. Usimgeuze mshtakiwa."

Masele aliomba ruhusa kwa jicho. Alikuwa na mtego wake, na alikuwa ameufikiria tangu stoo. Kwa Wasukuma jina la Shija halitolewi hivi hivi tu, na mtu wa kuja hawezi kulijua hilo.

"Binti," alisema kwa upole, "kwenu nani aliyekutangulia kuzaliwa?"

"Kulwa na Doto," msichana alisema, wala hakufikiri. "Mimi nikafuata baada ya hao mapacha, ndiyo maana nikaitwa Shija." Kisha akaongeza sentensi nzima ya Kisukuma, laini, isiyo na kigugumizi, na Masele akabaki anajikuna shavu.

"Anasemaje?" Mwamvua aliuliza.

"Anasema hata mtoto wa kunyonya anajua hilo, afande."

Bi Apolonia alisimama. "Mmeridhika? Msichana wangu ni huyu. Yule mwingine ni mhuni kutoka barabarani. Jumatatu nataka afikishwe mahakamani, iwe fundisho. Kama kila mtu atakuja hapa kudai jina, hii itakuwa shule au soko la Nyasubi?"

Mwamvua hakuwa akimtazama mkuu wa shule. Alikuwa akimtazama msichana, na aliona kwamba soko la Nyasubi lilipotajwa, yule msichana alimeza mate. Hicho si kitu cha kuandika kwenye maelezo. Polisi hamfikishi mtu mahakamani kwa sababu amemeza mate.

"Nataka kila daftari la shule hii lenye jina la Shija Mageni," alisema. "Uandikishaji, mahudhurio, hata la jikoni. Sasa hivi, Ndugu Mkuu."

* * *

Walikaa zahanati ya shule, chumba chenye vitanda viwili na harufu ya dettol. Daftari la uandikishaji halikusema jipya: Shija Mageni, kuzaliwa 1960, dini Mkatoliki, mzazi mkulima na mfugaji. La mahudhurio lilikuwa safi, msichana hajakosa siku hata moja. Masele alipiga miayo.

La mwisho lilikuwa daftari la wagonjwa. Matroni mwenyewe, Bi Zipora, alilileta amelikumbatia. Alikuwa mama wa Kanisa la Inland, mchangamfu, aliyeandika kila chafya ya shule ile.

"Shija ni mtoto mzuri sana, afande," alisema. "Ila ana tumbo lake hilo. Likimshika, hali kitu mchana. Ananiomba nimwekee chakula chake mpaka jioni. Mimi namwekea, maana ni mtoto asiyesumbua."

"Linamshika mara ngapi?"

"Mara moja kwa mwaka. Lakini likishika, mwezi mzima! Nimempa chumvi ya matumbo, nimempa dawa ya minyoo, wapi."

Mwamvua aliacha kufungua kurasa. "Nionyeshe."

Bi Zipora alilamba kidole, akatafuta. Mwaka jana tumbo lilianza Jumapili, tarehe 7 Septemba, likapona tarehe 6 Oktoba. Mwaka huu lilianza Ijumaa, tarehe 27 Agosti, likapona tarehe 24 Septemba.

Mwamvua alizisoma tarehe hizo, akazirudia, halafu akacheka mpaka Masele akastuka. Hakikuwa kicheko cha raha.

"Bi Zipora, wasichana wa Kiislamu hapa shuleni mnawafanyaje mwezi wa Ramadhani?"

"Wapo sita tu, afande. Tunawawekea chakula mpaka magharibi, na daku wanapikiwa. Tunawaheshimu kabisa."

"Mwaka jana walianza kufunga lini?"

"Loo, hilo sikumbuki..."

"Mimi nakumbuka. Nilianza nao. Tarehe saba Septemba. Na mwaka huu Ijumaa, tarehe ishirini na saba Agosti, siku kumi na moja nyuma ya mwaka jana, kwa sababu mwezi wetu unaandama, haungoji kalenda ya serikali." Aliligeuza daftari kumwelekea Masele. "Sajini, umewahi kuona tumbo la Mkatoliki linalofuata mwezi mwandamo?"

Masele alisoma. Polepole akavua kofia yake.

"Jambo moja bado," Mwamvua alisema. Alitoa bahasha mfukoni. "Bi Zipora, bahasha za ripoti anaandika nani?"

"Wasichana wenyewe, darasani. Kila mmoja anaandika anwani ya kwao. Karani anatia ripoti na kubandika stempu tu."

"Niletee daftari lolote la mazoezi la Shija."

Lililetwa la Jiografia. Mwamvua aliliweka kando ya bahasha. Anwani ilikuwa ya Ndugu Mageni, kijiji cha Mwalugesha, kupitia Samuye. M ya bahasha ilikuwa na mguu mrefu uliokunjwa ndani, na M ya "Milima ya Usambara" vile vile. G zilifanana, hata jinsi mstari ulivyopanda kidogo kuelekea kulia. Ni mkono mmoja.

* * *

Alimwita mwenye sanduku peke yake, akamkalisha kwenye kitanda cha zahanati, naye akakaa kitanda cha pili. Hakumwuliza jina.

"Ulikuwa unafuturu na nini?"

Machozi yalitangulia jibu.

"Na kile chakula cha mchana, afande. Kikiwa kimepoa."

"Na daku?"

"Sikuwa nakula daku. Wenzangu wangeniona. Jumapili nilikuwa naenda misani na wengine."

"Ramadhani mbili bila daku," Mwamvua alisema. "Unaitwa nani, mwanangu?"

Alilisema jina lake kwa shida, kama mtu anayetoa kitu kilichosahauliwa uvunguni. "Mwaisha. Mwaisha Sabiti. Kwetu Nyasubi, Kahama."

Baada ya hapo yote yalitoka. Baba yake, Mzee Sabiti, alikuwa na lori la kubeba mizigo kutoka Isaka. Mwaisha alifeli la saba. Baba alikuwa anafahamiana na Mwalimu Donatus wa Mwalugesha, ambaye alikuwa anajenga na hana bati. Jioni moja lori liliondoka na mabati, likarudi na barua. Baba akamkalisha sebuleni, akamwambia: kuanzia leo wewe ni Shija, na huyo Mwaisha usinitajie tena. Alikuwa na miaka kumi na minne.

"Na ile habari ya Kulwa na Doto?"

"Kila Msukuma aliniuliza wiki ya kwanza. Nilijifunza haraka. Nilijifunza kila kitu haraka, afande, nilikuwa naogopa. Nafasi haikuwa yangu, nikaona angalau nisiipoteze. Kumbe nikawa wa pili." Alijifuta kwa kiganja. "Mwalimu alipoandika kwenye ripoti kwamba mimi ni mkweli, alitusomea darasa zima. Wakapiga makofi. Ripoti zote za nyuma nilikuwa naandika anwani ya mjomba, Kahama. Siku ile nikaandika ya Mwalugesha."

"Ukamwita mwenyewe."

"Ndiyo."

"Alipokuja ukamkana."

Mwaisha aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. "Walikuwa wengi. Walikuwa wanampiga. Niliona nikisema, watanigeukia mimi."

Mwamvua hakumbembeleza. Ilikuwa kweli, na mtoto alikuwa anaijua. Alimpa leso yake tu, akamwambia Sajini ataandika maelezo yake na atayasaini kwa jina lake halisi.

Nje, Bi Apolonia alikuwa anangoja barazani. Bila shaka alikuwa amesikia, maana madirisha ya zahanati hayakuwa na vioo. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya jirani aliyekuja kuazima chumvi.

"Mama Shaaban," alisema.

Mwamvua alisimama. Tangu asubuhi alikuwa Ndugu Inspekta; sasa ameitwa kwa jina la mwanawe. "Shaaban hayupo hapa, Ndugu Apolonia. Sema."

"Tuongee kama wazazi. Mimi sikujua, Mungu ni shahidi wangu. Lakini tufikiri. Huyu ni wa pili darasani, atakuwa daktari huyu. Yule mwingine miaka miwili ameshika mchi, na ameshaposwa. Ukimtoa huyu ukamweka yule, taifa limepata nini? Kesi ya wizi naifuta. Tumpe yule nauli, shuka moja, arudi kwao salama. Yaishe. Jambo hili likijulikana, ni jina la shule nzima."

Pale Mwamvua alikasirika waziwazi, na hakuona haya.

"Jina la shule," alisema. "Jina la shule lina wa kulililia. La mtoto wa Mageni halina. Yule mchi hakuuchagua, Ndugu Apolonia, alipewa, na aliyempa ameezeka nyumba. Alikuwa wa kwanza tangu la tano. Ametembea siku mbili kwa miguu kuja kuuliza swali moja, mkamfunga kwenye meza. Hamkumwuliza hata mzazi wake ni nani. Mngemwuliza, mngepata jibu saa nne asubuhi bila polisi. Na sasa unataka nimpe shuka moja!"

"Punguza sauti, wanafunzi wanasikia."

"Wasikie. Wao ndio waliopiga. Kesi ya wizi huifuti wewe. Inabaki, ila nabadilisha mlalamikaji, na nabadilisha mtuhumiwa. Wa kwanza ni Donatus, wa pili ni Sabiti."

"Na wasichana? Mimi siwezi kumpokea mtu mpaka Afisa Elimu wa Mkoa aseme."

"Sawa kabisa. Atasema, nitamwamsha kesho hata kama ni Jumapili. Mpaka hapo, mwenye jina analala kwenye kitanda chenye jina lake. Ni sheria gani inayokataza?"

Bi Apolonia alizungusha funguo zake zote. Hakuupata wa jambo hilo.

* * *

Saa kumi na moja kengele iligongwa na shule ikapanga mistari uwanjani kwa ajili ya kuitwa majina. Vumbi la mashambani lilikuwa bado kwenye miguu yao. Shija alisimama pembeni, karibu na Landrova ya polisi. Bi Zipora alikuwa amempaka dawa mdomoni na kumpa kandambili. Mwaisha alisimama mahali pake pa siku zote, mstari wa tatu.

Bi Zipora alianza kusoma kidato cha pili. Sauti yake haikuwa na uchangamfu wake wa kawaida. Mwamvua alitazama saa yake, kisha akaacha kuitazama.

"Shija Mageni."

Mistari iligeuka. Wote walimtazama yule waliyezoea kumtazama. Mwaisha alikuwa ameubana mdomo wake kwa meno, macho chini, na hakusema kitu.

"Shija Mageni," Bi Zipora alirudia, na safari hii aliinua uso kutoka kwenye daftari.

Mkono uliinuka karibu na Landrova, umenyooka mpaka kwenye ncha za vidole, kama wanavyofundishwa watoto wa shule ya msingi.

"Nipo, mwalimu!"

Alijibu kwa nguvu mno, kwa sauti ya darasa la saba, na wasichana wachache walicheka kabla ya kukumbuka. Melania kiranja hakucheka. Bi Zipora alitia alama kwenye daftari, akasonga kwenye jina lililofuata.

Majina yaliendelea mpaka yakaisha. Mistari ikaanza kuvunjika kuelekea bwalo la chakula. Mwaisha alibaki amesimama peke yake uwanjani, anangoja, kana kwamba huenda daftari lina ukurasa mwingine. Shija alimtazama kwa muda mrefu kutoka pale alipokuwa. Hakumsogelea, lakini hakwenda bwaloni pia.

Mwamvua aliliona hilo, na hasira yake ikapata njia moja tu ya kwenda.

"Sajini," alisema, "chukua daftari lako. Andika mtoto wa pili aliyenyang'anywa jina. Mwaisha Sabiti wa Nyasubi."

Masele aliandika. "Niandike nini mbele yake, afande?"

"Andika yupo." Alifungua mlango wa Landrova, akapanda. "Kisha mwambie dereva ashike njia ya Samuye. Nataka tufike Mwalugesha kabla giza halijaingia. Nyumba yenye mabati kijijini itaonekana kabla hatujauliza mtu."